Maharage ya Nyuma ya Bafu

Mke wangu nilipomwoa alishuka kutoka milimani, juu ya Soni, na sanduku la bati, godoro la sufi na kibuyu cha mbegu za maharage zilizochanganywa na majivu. Sanduku tulilibeba watu wawili. Godoro lilifungwa juu ya basi. Kibuyu hakukubali mtu mwingine akiguse. Alikaa nacho mapajani mpaka Korogwe, na kutoka Korogwe mpaka Handeni, kama mtu aliyepakata mtoto. Nilimwuliza kina nini ndani, akasema, "Mboga." Nikacheka. Mimi nilikuwa bwana shamba mwenye cheti cha chuo na baiskeli ya serikali, na mke wangu ananiletea mbegu kwenye kibuyu.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, watu wametolewa kwenye vitongoji vyao wakawekwa pamoja. Kijiji nilichopangiwa kilikuwa upande wa Sindeni, kipya kabisa, nyumba zimenyooshwa kwa mistari kama matuta ya viazi, na miti imefyekwa hata kivuli kikawa kitu cha kugombania. Wengi walikuwa Wazigua wa hapohapo. Wachache walikuwa watu wa namna yangu, watoto wa wale waliokuja Korogwe kutoka mbali kukata mkonge, wakaoana na wenyeji, wakasahau njia ya kurudi kwao. Ng'ambo ya mashamba, kwenye mbuga kavu, zilikaa familia za Wamasai na ng'ombe wao.

Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha wanakijiji kupanda kwa mistari, kusimamia shamba la kijiji, na kuanzisha bustani ya mboga ya pamoja karibu na kisima. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilivaa kaptura ya kaki na soksi ndefu hadi magotini, na nilitembea na kamba yenye mafundo ya kupimia nafasi kati ya shimo na shimo. Wazee walionizidi miaka arobaini niliwaamkia shikamoo, kisha nikawaeleza jinsi ya kushika jembe.

Mvua za vuli zilipokaribia, mke wangu alikifungua kile kibuyu juu ya ungo. Zilimwagika mbegu za kila rangi: nyekundu, nyeusi zenye madoa, za njano, na nyingine zenye michirizi kama mayai ya kware. Akazipembua kwa vidole na kupuliza majivu.

"Haya ni ya kutambaa," alisema. "Yanataka miti. Kwetu yanapanda mpaka yanampita mtu. Unachuma majani, unachuma mabichi, na mengine unayaacha yakauke. Nyumba haikosi mboga."

"Vizuri," nikasema. "Tutapanda mvua ikianza tu."

"Kwetu hatupandi kwenye joto."

"Hapa siyo kwenu."

Nilizipanda mwenyewe, mbele ya nyumba, kila mpita njia azione. Nilipima kwa kamba, nikachomeka fito, nikaweka na kibao. Na kwa kweli yaliota. Yalipata majani mapana ya kijani, yakazikumbatia fito, yakapanda kwa kasi hata majirani wakawa wanasimama kuangalia. Nilianza kutembea polepole nikipita pale ili mtu apate nafasi ya kuniuliza.

Kisha jua likaja. Wanaoijua Handeni baada ya vuli wanalijua jua lenyewe. Maua yalitoka meupe na ya zambarau, ukayaona jioni yamejaa, asubuhi yametandikwa chini. Kila siku yalichanua mapya na kila siku yakaanguka. Mchwa nao wakala fito zangu kwa chini, mstari mmoja ukalala, halafu wa pili. Tulivuna maharage ya kujaza kikombe kimoja, tena kikombe cha chai.

Kwenye mkutano wa kijiji mtu mmoja akaniuliza, bila ubaya wowote, "Bwana shamba, yale maharage yako yanayopanda, mbona hatuyaoni tena?"

Ningeweza kusema sijui. Badala yake nilisimama, nikavuta soksi, nikasema, "Maharage ya kutambaa ni ya milimani. Huku hayawezi. Yeyote atakayeyapanda atapoteza mbegu na nguvu zake. Huo ndio utaalamu."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Mke wangu alikuwa amekaa upande wa wanawake, na niliona wawili watatu wakigeuka kumtazama, kwa kuwa kila mtu alijua mbegu zimetoka kwake. Yeye alitazama mikono yake.

Tulipofika nyumbani aliniambia neno moja tu. "Yaliota. Hayakuzaa. Hayo ni mambo mawili."

Nikamwambia habari hiyo imekwisha.

Masika yalipoanza tulikwenda Korogwe kumwona mama yangu. Baba alikuwa ameshafariki, na mama alikuwa amebaki kwenye kijumba karibu na kambi ya zamani ya wakata mkonge, si mbali na mto. Mkonge ukishatoa maua hufa, na kinachobaki ni mlingoti wake, mrefu, ulionyooka, mwepesi hata mtoto anaweza kuubeba. Pale kwa mama milingoti ilikuwa kila mahali: uzio, paa la jiko, kichanja cha kukaushia vyombo.

Mke wangu aliushika mmoja akaunyanyua kwa mkono mmoja, akaupima kwa macho kutoka chini hadi juu.

"Mama, na mchwa je?" akamwuliza mama yangu.

"Mchwa anakula hata jiwe," mama akajibu. "Chovya mguu wake kwenye oili chafu kabla hujaufukia. Utakaa misimu mitatu. Unataka mingapi?"

"Ishirini, mama."

"Ya nini?" nikauliza mimi.

Wote wawili wakanitazama kama mtu aliyeingilia mazungumzo ya wakubwa. Mama akasema, "Wewe nenda kaitafute hiyo oili kwa mafundi wa magari."

Nilikwenda.

Tulirudi kwa lori la ushirika, mimi na mke wangu juu ya magunia, milingoti ishirini imelazwa kati yetu, ncha zimechomoza nyuma na kitambaa chekundu kimefungwa. Njia nzima dereva alikuwa akitoa kichwa nje na kunitania. "Bwana shamba, unajenga meli?" Tulipoingia kijijini watu walitoka nje kutazama. Nilitamani kujificha chini ya turubai. Mtu akauliza milingoti ni ya nini, nikawahi kujibu kabla mke wangu hajafungua mdomo, "Ya uzio wa bafu."

Neno hilo mke wangu alilichukua kama lilivyo. Bafu letu lilikuwa nyuma ya nyumba, kizimba cha nyasi na miti kisicho na paa, chenye mawe ya kusimamia. Kuta za nyumba zililizuia jua la mchana. Mke wangu alisimamisha milingoti yake pale nyuma, miwilimiwili, ncha zake amezifunga kwa kamba ya katani kama paa la banda. Kisha akachimba kijifereji kutoka kwenye mawe ya bafu mpaka kwenye tuta alilolitengeneza, ili maji ya kuoga yasipotee. Tuta akalifunika kwa nyasi kavu.

Mimi nilidhani atapanda mara moja. Mvua ilikuwa inanyesha, watu wote wanapanda mahindi, yeye ananyoosha mgongo na kutazama mawingu. Wiki zikapita. Aprili ilikuwa inaishia nilipomkuta ameinama na kijiti, anatoboa mashimo chini ya kila mlingoti, mbegu tatu kila shimo, zile alizozibakiza kwenye kibuyu.

"Sasa?" nikamwambia. "Mvua zinaondoka."

"Ndiyo. Nangoja na joto liondoke. Yakitoa maua yatakuta baridi ya Juni."

"Na maji?"

"Wewe huogi?"

Nililisikia jibu lake jinsi mtu anavyosikia redio ya jirani, sauti imefika lakini sikutega sikio. Ila kuanzia siku ile kuoga kwangu kulibadilika. "Sabuni kidogo," aliniambia. "Na usisimame upande ule, maji yanapotea. Simama huku." Nilikuwa bwana shamba wa eneo zima, lakini ndani ya bafu langu nilioga kwa maelekezo.

Wakati huohuo mimi nilikuwa na mambo yangu mbele ya nyumba. Nilikuwa nimepanda kabichi tano za mfano, zimezungushiwa mawe, nikizipalilia na kuzimwagilia kama watu wanavyotunza makaburi ya wazazi. Alasiri moja nilirudi kutoka shamba la kijiji nikakuta mbuzi kumi hivi ndani ya ua. Kabichi zimebaki vishina. Nilikimbilia nyuma, nikawakuta wengine wamesimama kwa miguu miwili wanajinyoosha kwenye milingoti, midomo inatafuna.

Mwenye mbuzi alifika anahema. Alikuwa mama wa Kimasai tuliyekuwa tukipishana naye njia ya kisimani, mrefu, shanga zimejaa shingoni, fimbo mkononi. Alikuwa amewatafuta tangu mchana. Nilikuwa na hasira, lakini heshima ni heshima.

"Takwenya," nikamwamkia kwa sauti ya ukali.

"Iko," akaitikia, akainamisha kichwa.

"Mama, hili tutalipeleka kwa mwenyekiti. Hizi zilikuwa kabichi za mfano!"

Mke wangu alikuwa ametokea upande wa jiko na mwiko mkononi. Alizunguka nyuma ya bafu, akatazama, akarudi.

"Wamekula chini tu," akasema. "Juu hawakufika." Kisha akamgeukia yule mama. "Dada, una samadi?"

Yule mama hakuelewa. "Samadi?"

"Mavi ya ng'ombe. Ya zamani, yale makavu yasiyonuka."

"Ipo kama mlima," yule mama akasema, na uso ukaanza kufunguka. "Nani anataka samadi? Wewe unataka samadi?"

"Ndiyo. Niletee, na maneno yaishe."

Kesho yake punda wawili walisimama nyuma ya bafu letu na magunia pande zote mbili. Kabichi zangu hakuna aliyezizungumzia tena. Tangu hapo yule mama akawa rafiki wa mke wangu. Alikuja na maziwa, akaondoka na majani ya maharage, na wakakaa jikoni wakicheka, mmoja kwa Kiswahili cha milimani na mwingine kwa Kiswahili cha mbugani, mimi nikiwa nje nasikia jina la kazi yangu likitajwa.

Juni ikaingia na ukungu wake wa asubuhi. Watu wakaanza kujitanda shuka wakienda kisimani. Nilikuwa bafuni siku moja, nimejaa povu, povu kidogo kama nilivyoagizwa, nikaona mti wa maharage umepenya ukuta wa nyasi na kuingia ndani. Ulikuwa umening'iniza ganda moja, la kijani, jembamba kama kidole cha mtoto, usawa wa macho yangu. Nilisimama nalitazama mpaka maji yakapoa. Nyuma ya ukuta nilipochungulia nikaona maua yameshikilia, na chini yake maganda mengine, mengi, nisiyoweza kuyahesabu kwa sababu majani yalifunika.

Jioni ile tulikula ugali na mboga ya majani iliyoungwa kwa karanga, laini, tamu.

"Mboga gani hii?" nikauliza, nikijua.

"Mboga," akasema, akaniongezea.

Mwezi uliofuata alikuja mkubwa wangu kutoka Handeni mjini kukagua bustani ya mboga ya kijiji. Nilikuwa na habari zake siku tatu kabla na siku zote tatu sikupata usingizi mzuri. Kisima kilikuwa kimeshuka, zamu ya kumwagilia ilikuwa imevunjika kwa sababu kila mtu alidhani leo ni ya mwenzake, na kabichi za pamoja zilikuwa zimejikunja kama ngumi. Nyanya zilikuwa zimekauka zikiwa bado na vijiti vyake na mistari yake iliyonyooka.

Mkubwa wangu alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kikohozi. Alishuka kwenye Land Rover, akatembea kutoka mwanzo wa bustani hadi mwisho, akarudi. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

"Mistari ni mizuri," akasema.

Nilimkaribisha nyumbani apumzike. Mke wangu alimwamkia, akampelekea ndoo ya maji bafuni anawe vumbi la njia. Akaingia. Tulisikia maji, kisha tukasikia kimya kirefu, kisha sauti.

"Bwana shamba! Hebu njoo hapa!"

Nilimkuta amezunguka nyuma, mikono bado inachuruzika maji, ameinua uso. Milingoti yote ishirini haikuonekana tena. Palikuwa na ukuta wa majani, mrefu kuliko yeye na mimi, na maganda yamening'inia kutoka juu hadi chini kama mapambo ya arusi. Mke wangu alikuwa amesimama kando na ndoo tupu.

"Hii ni kazi ya nani?"

"Ni majaribio yangu, mzee."

Sikupanga kusema hivyo. Nilikuwa nimetoka kuona aibu ya kabichi saa moja iliyopita, na mdomo ulitafuta mahali pa kujiegemeza. Nilisikia neno "yangu" likitoka, na nililisikia pia kwa masikio ya mke wangu.

Mkubwa wangu akatoa kitabu cha kuandikia. "Safi sana! Ulipanda lini?"

"Mwanzo wa masika, mzee. Machi."

Akaacha kuandika. Akahesabu kwa vidole, akatazama maganda mabichi, akahesabu tena. "Ungepanda mwanzo wa Machi sasa hivi ungekuwa umeshavuna na kupura. Kwa nini bado mabichi?"

Nikaanza kunyoosha jani moja kwa vidole.

"Mbegu gani hii?"

Mkubwa wangu akamgeukia mke wangu. "Mama, labda wewe unajua?"

"Mimi nimeleta maji ya kunawa tu, mzee," mke wangu akasema kwa heshima zote. "Mtaalamu ni huyo."

Akaondoka na ndoo yake. Mkubwa wangu alimtazama mpaka akapotea jikoni, kisha akanitazama mimi, na nikaona mashavu yake yanazuia kitu.

"Basi," akasema, "mtaalamu atatueleza alasiri kwenye mkutano. Mwambie mwenyekiti aite watu."

Nilikuwa na saa tatu. Nilikwenda kwa mwenyekiti, nikarudi, nikasimama kwenye mlango wa jiko. Mke wangu alikuwa anamenya muhogo wa mgeni.

"Nieleze basi ulivyofanya," nikamwambia.

"Muulize mtaalamu."

"Nimekosa."

Akaendelea kumenya. Kisha akaweka kisu chini.

"Sikukasirika kwa sababu umesema ni yako," akasema. "Kilichopo hapa ni chako na changu. Baada ya vuli ulisimama mbele ya watu ukasema hayawezi. Nilikuwa nimekuja juzi. Sina dada hapa, sina shangazi, hakuna aliyenijua. Kitu pekee nilichokuja nacho cha kuwaonyesha watu ni zile mbegu. Na wanawake wote wakanigeukia. Unalikumbuka hilo?"

Nilikumbuka. Nililikumbuka vizuri kuliko nilivyotaka. Nilikaa kwenye kigoda kilichokuwa karibu na mlango. Moshi uliniingia machoni, nikauacha. Alichukua tena kisu akaendelea na muhogo, na baadaye, bila kunitazama, akaanza kunieleza habari ya joto na maua, maji ya kuoga, samadi ya zamani, nafasi ya mbegu. Alieleza taratibu kama mtu anayemfundisha mwenzake. Nikamwambia sitayasema hayo mimi. Akauliza nitasema nini basi. Nikamwambia sijui.

Alasiri watu walijaa mbele ya ofisi ya kijiji. Mkubwa wangu alikalishwa kwenye kiti chenye mto. Mwenyekiti akanikaribisha. Nilisimama, na soksi siku hiyo sikuzigusa.

"Ndugu zangu," nikasema, "baada ya vuli niliwaambia maharage ya kutambaa hayawezi kuzaa hapa. Nilikosea. Leo asubuhi nimemwambia mkubwa wangu kwamba yale yaliyoko nyuma ya bafu ni yangu. Nimekosea mara ya pili. Ni ya mke wangu. Mimi kazi yangu ilikuwa kuoga."

Nilisikia kuku akikwaruza chini ya kiti cha mwenyekiti. Kisha bibi mmoja wa Kizigua aliyekaa mbele kabisa, asiye na meno ya juu, akapiga paja lake kofi.

"Tulijua!" akasema. "Tangu lini bwana shamba akashika jembe mpaka jioni?"

Kicheko kilichotoka pale kiliwafanya mbwa wabweke. Mkubwa wangu alicheka mpaka kikohozi kikamshika ikabidi aletewe maji. Mimi pia nilicheka, kwanza kwa kulazimika, halafu kwa kweli, kwa maana nilihisi mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo aliokuwa hajui ameubeba.

Wakamwita mke wangu. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alisimama, akafunga kanga vizuri, akaanza kwa sauti ndogo hata watu wa nyuma wakapiga kelele hawasikii. Akarudia. Alipofika kwenye maua na baridi ya Juni sauti ilikuwa imeshapanda, na mikono yake ilikuwa inaonyesha milingoti hewani. Alipofika kwenye samadi, yule rafiki yake wa Kimasai, aliyekuwa amesimama pembeni na wenzake, akainua fimbo.

"Samadi ni yangu!" akapaza sauti. "Na mbuzi pia walikuwa wangu!"

Baada ya mkutano watu wote walitaka kuona. Walipanga foleni kando ya nyumba yangu, wanaingia upande mmoja wa bafu, wanatokea upande wa pili, wanashika maganda, wanapima milingoti kwa mikono, wanauliza ile oili ya miguuni ilitoka wapi. Hilo angalau nililijua, nikalijibu.

Mkubwa wangu alipokuwa anapanda gari alinishika bega. "Kijana, sasa mimi kwenye ripoti niandike nini?"

"Andika ukweli, mzee."

Akafikiri. "Nitaandika kwamba bwana shamba wa hapa ameoa vizuri." Na akaondoka na kapu la maharage mabichi kwenye miguu yake.

Hayo yaliyobaki tuliyaacha yakauke juu ya milingoti. Mke wangu alitenga mbegu, na kila mwanamke aliyekuja na mlingoti au fito yake mwenyewe alipewa ukufi mmoja. Mwaka uliofuata ungeyaona nyuma ya mabafu mengi ya kijiji kile, na mengine kwenye kuta za majiko. Si wote waliofanikiwa. Waliopanda uwanjani juani walivuna majani matupu, na mmoja alipanda Oktoba kwa haraka zake akapata kikombe cha chai kama mimi. Lakini nyumba nyingi zilipata mboga katika miezi ambayo zamani ilikuwa ya kula ugali kwa chumvi. Ile bustani ya pamoja haikuwahi kustawi kweli, na mimi niliendelea kuipigania kwa miaka miwili mingine, maana ndiyo kazi niliyotumwa.

Watu walianza kumwita mke wangu Bibi Shamba. Mwanzo kwa utani, baadaye utani ukatoka jina likabaki. Wageni walikuwa wakifika nyumbani wakimwulizia Bibi Shamba, wakinikuta mimi mlangoni wananiomba niwaitie.

Siku moja, baada ya mtoto wetu wa kwanza kuzaliwa, kijiji kilipewa agizo la kulima ufuta. Mwenyekiti aliitisha mkutano, akasema bwana shamba ataeleza. Niliposimama, niliona watu wote, na mwenyekiti akiwemo, wamegeuza shingo kuelekea upande wa wanawake. Mke wangu alikuwa amekaa pale ananyonyesha.

"Msinitazame mimi," akasema. "Ufuta siujui. Kwetu hatuulimi."

Wakacheka, kisha wakanirudia mimi. Nikawaambia ufuta nimeusoma chuoni kwa siku mbili, na shamba lake sijawahi kulilima. Nikauliza kama yupo pale aliyewahi kuulima. Mzee mmoja wa nyuma kabisa, ambaye kwa miaka yote ile sikuwahi kumsikia akisema neno mkutanoni, akainuka taratibu akishikilia bega la mwenzake. Alisema alilima ufuta upande wa Kang'ata kabla hawajahamishwa, yeye na baba yake. Nikamwomba aje mbele. Akaja, na nikampisha, nikaenda kukaa chini na wengine.